Swichi ya presha ya mafuta haishushwi ili inyamaze

"Ami, hii swichi mbovu. Kila nikitoka kwenye mstari wa kuanzia inakata naitrasi. Ishushe kidogo tu."

Maneno haya nimeyasikia hapa gereji, Maskati, mara nyingi kuliko ninavyoweza kuvumilia, na safari hii nimeamua kuyajibu kwa maandishi. Swichi hii kazi yake ni kuzima naitrasi, gesi inayoongezea injini nguvu, presha ya mafuta ikishuka mno. Ikikata, mara nyingi sana si mbovu. Imeona kitu ambacho wewe, ukiwa umeshika usukani, huwezi kukiona.

Gari yenyewe ilikuwa V8 ya Marekani, ya kabureta, pampu ya umeme nyuma karibu na tanki, na mfumo wa naitrasi ule unaonyunyiza mafuta yake wenyewe pamoja na gesi. Swichi ilikuwa imewekwa ikate kwenye psi 4.5 (psi ni kipimo cha presha). Nikafunga geji, nikawasha pampu: psi 6. Kijana mwenye gari akaninyooshea kidole. Si unaona, ami? Sita. Sasa kwa nini ikate?

Kwa sababu gari imesimama, na mafuta yamesimama. Presha ya mafuta yaliyosimama haikwambii lolote kuhusu mafuta yanayotembea. Ukikanyaga mpaka mwisho, kabureta inakunywa, solenoidi ya mafuta, yaani vali ya umeme ya mafuta ya naitrasi, inafunguka na kuanza kunywa nayo, na pampu ile ile inatakiwa kuwashibisha wote wawili. Namba inayohitajika ni ile inayobaki kwenye geji wakati huo, karibu na solenoidi, na siyo ile ya asubuhi gereji ikiwa kimya.

Halafu kuna jambo ambalo karibu kila anayekuja hapa hulisahau. Bomba lake la mafuta lina urefu wa kama mita 4 kutoka nyuma hadi mbele, na limejaa petroli, na petroli ina uzito. Gari ikiruka mbele kwa nguvu ya G 1, yaani sawa na uzito wake wenyewe, petroli hiyo inabaki nyuma, inasukuma dhidi ya pampu. Piga hesabu: mita 4 za petroli kwenye G 1 ni karibu psi 4. Pampu yake inatoa 6 bila mzigo. Sita toa nne ni mbili. Swichi ilikata kwa haki kabisa, na ikaacha kukata mara tu gari ilipopunguza kasi ya kuongeza mwendo. Ndiyo maana magari ya kabureta yanayokimbia kweli yana pampu yenye presha kubwa nyuma na regyuleta, kifaa cha kudhibiti presha, mbele karibu na kabureta: hata ikipoteza nne njiani, regyuleta bado ina ya kugawa.

Sasa tuseme nimekubali, nimeishusha hadi 3. Itanyamaza. Lakini jeti ya mafuta, yaani kitundu kinachopima mafuta yanayopita, ilichaguliwa kwa psi 6, na mafuta yanayopita kwenye tundu hufuata kipeuo cha pili cha presha, yaani mzizi wake. Kutoka 6 hadi 5, unapoteza kama asilimia 9 ya mafuta. Kutoka 6 hadi 4.5, asilimia 13. Kutoka 6 hadi 3, asilimia 29. Gesi kwa upande wake haijui habari hizo. Inatoka kwenye mtungi kwa psi 900 na ushei, haipungui eti kwa sababu mafuta yamepungua. Theluthi moja ya uzito wake na zaidi ni oksijeni. Oksijeni nyingi, mafuta pungufu, injini inaanza kugonga, na dari ya pistoni inayeyuka kabla hujasikia chochote. Kwa hiyo namba unayoweka kwenye swichi ni kiasi cha kukosa mafuta unachokubali kabla mfumo haujazimwa. Anayesema "ishushe kidogo" ananiomba niongeze kiasi hicho, na hajui kama ndicho anachoniomba.

Kuiweka ni kazi fupi. Usiiweke ikiwa kwenye gari. Ifunge kwenye kiungo cha T pamoja na geji, ingiza upepo wa kompresa kupitia regyuleta nzuri, multimita (kipima umeme) ikiwa kwenye ncha za swichi, kwenye mlio. Panda mpaka ilie, kisha shuka taratibu mpaka inyamaze, uisome geji hapo. Kijiskurubu cha alenki kilicho katikati ya ncha mbili za waya kinakandamiza springi: kadiri unavyoikandamiza ndivyo inavyokata mapema. Robo ya mzunguko kwa mara moja, na kila mara upime tena.

Kuisoma ikishuka ni lazima, na hapa ndipo mafundi wengi huharibu. Swichi huunganisha presha ikipanda na hukata presha ikishuka, na namba hizo mbili hazilingani. Inaweza kuunganisha kwenye 5.5 na kukata kwenye 5. Ukiiweka kwa namba ya kupanda, ukaandika kwenye karatasi "5", kumbe inakata kwenye 4.5, umejidanganya kwa nusu psi. Kwenye mfumo wa injekta nusu psi ni kitu kidogo. Kwenye kabureta ni kubwa. Tumia pia geji ile ile utakayoifunga chini ya boneti, na kama ni ya kujazwa kimiminika ndani, isome ikiwa ya baridi. Ikipata joto la injini, geji ndogo za aina hiyo hudanganya.

Namba ya kuweka utaipata hivi. Funga mtungi, toa gesi yote iliyobaki kwenye bomba lake. Fungua bomba la mafuta pale linapoingia kwenye injini, elekeza kwenye chombo ukiwa na jeti yake, washa pampu, fungua solenoidi ya mafuta, soma geji mafuta yakitiririka. Nje ya gereji, kizima moto kando yako, hakuna sigara. Usije ukafungua solenoidi hiyo huku bomba bado limeunganishwa na injini. Utajaza petroli kwenye manifoldi, yaani njia za hewa ya kuingia injini, na siku ya kuwasha italipuka. Ukipata 6 ikitiririka, mimi huweka ikate kwenye 5. Na kumbuka jaribio hili halina mzigo wa kabureta wala G yoyote, kwa hiyo namba yake bado ni ya matumaini.

Magari ya injekta yana kosa lake. Mustang 5.0 za kati ya 1986 na 1993 zina regyuleta inayosikiliza vakuumu, yaani mvuto wa hewa wa injini. Ikinguruma bila kukanyagwa utasoma kitu kama psi 31, lakini ukichomoa mpira wa vakuumu inapanda hadi karibu 39, na hiyo ndiyo presha ya injini iliyokanyagwa mpaka mwisho. Fundi anasoma 31, anaweka swichi ikate kwenye 28, anaona amekuwa mwangalifu. Kumbe ameruhusu presha ishuke kutoka 39 hadi 28, ambayo ni mafuta pungufu kwa asilimia 15. Mwingine anaiweka vizuri kwenye 35, halafu anaipima gari ikinguruma, multimita haileti mlio, anaitupa swichi nzima. Chomoa mpira kwanza. Corvette ya injini ya LS1, kuanzia 1999, haina habari hiyo. Inakaa kwenye 58 muda wote.

Waya sirefushi: swichi inapita kwenye upande wa rilei (swichi inayowashwa kwa umeme) unaobeba umeme mdogo, namba 85 au 86, kamwe si kwenye waya wa solenoidi. Mkondo wa solenoidi utaunguza ncha zake, na swichi iliyoungua inaweza kugandana ikawa imeunganisha milele.

Nisiwaache mkaiamini kupita kiasi pia. Swichi hii inaona presha kabla ya solenoidi ya mafuta, basi. Koili ya solenoidi hiyo ikifa, mafuta hayatoki, presha inabaki nzuri, swichi inaridhika, na gesi inaingia peke yake. Jeti ikiziba kwa uchafu, hali ni hiyo hiyo. Na hapa kwetu kuna joto. Naitrasi ikifika nyuzi 36.4 za Selsiasi haiwi tena kimiminika. Presha hapo ni karibu psi 1,050, na kwenye mtungi uliojaa inazidi kupanda kwa kasi. Buti la gari lililoegeshwa juani Maskati mwezi wa Juni linaivuka nyuzi hiyo kabla ya adhuhuri. Jeti zilichaguliwa kwa psi 950, kwa hiyo uwiano wa gesi na mafuta hauaminiki tena, ilhali swichi ya mafuta imekaa kimya, haina habari.

Lililobaki linanisumbua mpaka leo. Presha ikishuka, swichi inakata solenoidi zote mbili, ya gesi na ya mafuta. Mafuta yakisimama, presha inapanda, swichi inaunganisha tena, presha inashuka, inakata. Mara kadhaa kwa sekunde, na kila mara gesi na mafuta vinaingia kwa vipande visivyolingana. Nimejaribu kukata gesi peke yake na kuacha mafuta yamwagike. Mpapatiko unakwisha, lakini petroli inalowesha manifoldi. Nimefunga rilei inayojishika, ikikata haiunganishi mpaka dereva aachie akseleta. Hii naipenda zaidi, ila presha hudunda kidogo solenoidi inapofunguka, na rilei hiyo inakata kwa mdundo huo pia. Ukiichelewesha ili isiuone, umeifumba macho kwenye sekunde ile ile ambayo ni ya hatari kuliko zote. Siku hizi nafunga inayojishika bila kuichelewesha, nasikiliza malalamiko ya wenye magari, na sina uhakika kwamba niko sahihi.

Kijana nimemweleza yote haya, akanuna. Nilipoinama chini ya dashibodi nikakuta kipande cha waya mwekundu kimekwisha kuandaliwa, kimechunwa ncha zote mbili, urefu wake unatosha kabisa kuiruka swichi. Nimekikata. Gari itabaki hapa mpaka pampu na regyuleta zifike, na mtungi nimeutoa kwenye buti, nimeuweka ndani, kivulini.