Yule mwanamke wa Klimt sio Salome

Jamani, ile picha ya mchoraji wa Austria, Gustav Klimt, ya mwanamke kwenye dhahabu, kifua wazi, macho yamelegea, mdomo umeachama kidogo, kila ikipostiwa lazima mtu aandike Salome, yule binti aliyecheza mpaka akapewa kichwa cha Yohana Mbatizaji. Sio yeye kabisa. Ni Yudithi, yule mjane (wenye Biblia ya Kikatoliki kitabu chake mnacho) aliyeingia kambini kwa Holoferne, jemadari wa jeshi lililouzingira mji wao, akamkata kichwa akiwa amelala hoi kwa pombe.

Na wala hatubahatishi, Klimt aliichora 1901 na ile fremu ya shaba ilitengenezwa na mdogo wake Georg, imeandikwa juu kwa herufi kubwa JUDITH UND HOLOFERNES, sema tu mtandaoni fremu huwa inakatwa. Angalia pia kona ya chini kulia, kichwa kinaonekana nusu, vidole vyake viko kwenye nywele za marehemu, na ile sinia ya hadithi ya Salome haipo.

Ila watu wa enzi zile waliiona fremu na bado wakasema Salome, maana iliwawia vigumu kukubali mjane mcha Mungu, mkombozi wa watu wake, awe na uso wa raha vile. Hilo ndilo linaloniuma, mwanamke ananyang'anywa ushujaa wake kisa ana mvuto! Klimt kamrudia tena 1909, picha iko Venice, nayo ikaitwa Salome vilevile.