Kurudi kwenye usukani baada ya jeraha: tunapima nini hasa?

"Nitaanza lini kuendesha tena?" Mgonjwa huniuliza hivyo wakati mwingine hata kabla hajaweza kufunga vifungo vya shati lake mwenyewe, wala simshangai. Gari ndilo linalomfikisha kazini, na kwa wengine ndilo kazi yenyewe. Mimi ni mtaalamu wa tiba kwa vitendo, na sehemu ya kazi yangu ni kupima kama mtu aliyepata kiharusi, aliyeumia kichwa au uti wa mgongo, au aliyekatwa mguu, anaweza kurudi barabarani bila kujihatarisha yeye na wenzake. Wengi hufika kwenye upimaji huu na hofu isiyo na sababu, na wengine hufika wakiwa na uhakika usio na msingi. Wote wangenufaika kama wangejua mapema tunachokitafuta.

Huu si mtihani wa leseni wa mara ya pili. Mtu aliyeendesha kwa miaka 20 hajasahau maana ya taa nyekundu. Kubadili gia, kugeuza usukani, kulipanga gari katikati ya mistari: mambo hayo yalishakuwa mazoea, na mazoea mara nyingi hubaki hata ubongo ukiumia vibaya. Ndiyo maana mtu anaweza kuzunguka uwanja mtupu vizuri kabisa, ndugu wakapiga makofi, halafu akashindwa kwenye makutano ya kwanza yenye magari. Ninachotafuta ni kile ambacho mazoea hayawezi kumfanyia: kuona jambo ambalo hakulitarajia, kulielewa, kuamua na kutenda, yote hayo ndani ya sekunde moja au mbili.

Mwaka 1985 mwanasaikolojia wa Kiholanzi John Michon aliigawa kazi ya dereva katika ngazi tatu, na mimi bado naitumia fikra yake kila wiki. Ngazi ya juu ni maamuzi ya kabla ya safari: niende au nisiende, saa ngapi, kwa njia ipi. Ya kati ni maamuzi ya barabarani: niende kwa mwendo gani, niache nafasi kiasi gani, nipite au nisubiri. Ya chini ni mikono na miguu: usukani, breki, mafuta. Faida ya mgawanyo huu ni kwamba upungufu wa ngazi ya chini unaweza kufidiwa na busara ya ngazi za juu. Mwenye shingo isiyogeuka vizuri anaweza kuongezewa vioo, akaacha nafasi kubwa mbele yake na akaepuka saa za msongamano. Lakini ili afanye hivyo, sharti kwanza ajue kwamba shingo haigeuki. Asiyejua kasoro yake hawezi kuifidia. Nasema hivi mapema kwa sababu ndugu wa mgonjwa huja wakinionyesha mkono uliolegea au mguu uliovunjika, wakati mkono na mguu, mara nyingi, ndiyo sehemu rahisi ya kazi hii.

Upimaji huanzia kliniki. Nasoma historia ya matibabu na kuangalia dawa anazotumia, maana dawa kali za maumivu, za usingizi, za kulegeza misuli na baadhi ya zile za kifafa zinaweza kumfanya mtu azubae bila yeye kujigundua. Kama amewahi kuanguka na kupoteza fahamu tangu alipoumia, tunasimama hapo hapo mpaka daktari atoe neno lake.

Kisha viungo. Kwa mguu wa kulia nguvu peke yake haitoshi. Mguu unapaswa kujua uko wapi bila kuangaliwa. Dereva ambaye hisia za unyayo zimepotea anaweza kukanyaga mafuta akiamini ni breki. Muda nao una uzito wake. Kwenye mwendo wa kilomita 60 kwa saa, gari linakata karibu mita 17 kila sekunde, kwa hiyo mguu ukichelewa nusu sekunde tu, gari limeshasogea zaidi ya mita 8 kabla breki haijaguswa. Watafiti waliowafuatilia watu waliofanyiwa upasuaji wa kifundo cha mguu wa kulia waliona kwamba uwezo wao wa kufunga breki ulirudi kwenye kawaida mnamo wiki ya 9. Plasta kutolewa, basi, hakumaanishi kwamba mguu uko tayari kwa pedali.

Kwenye macho huwa sina haraka. Kusoma herufi ukutani ni sehemu ndogo tu ya kuona. Ninataka kujua anaona upana gani bila kugeuza kichwa. Umoja wa Ulaya, kwa mfano, unataka dereva wa gari la kawaida awe na upana wa nyuzi 120 kutoka upande hadi upande, na zisizopungua 50 kushoto na kulia. Kiharusi kinaweza kumpokonya mtu nusu nzima ya eneo hilo, ya kushoto au ya kulia, katika macho yote mawili. Hili ni kubwa, na katika nchi nyingi linamwondoa barabarani moja kwa moja au mpaka apate ruhusa maalumu. Hata hivyo aliyepoteza nusu hiyo huweza kujifunza kugeuza kichwa na kuitafuta, kwa kuwa anajua kwamba kuna upande haumfikii.

Kuna hali nyingine inayofanana na hiyo kwa nje, nayo ndiyo inayonitisha zaidi. Macho ni mazima, lakini ubongo umeacha kuushughulikia upande mmoja, mara nyingi wa kushoto. Mtu anakula chakula cha nusu ya sahani na kusema ameshiba. Ananyoa shavu moja. Ukimwuliza kama ana tatizo la kuona, atakujibu hana, na hadanganyi. Kwake upande ule haukosekani, kwa sababu haupo katika hesabu zake. Mtu huyu akiwa barabarani hulivuta gari kidogo kidogo kuelekea upande mmoja, hupita karibu mno na magari yaliyoegeshwa, na mtembea kwa miguu anayetokea upande uliopuuzwa hamwoni kabisa. Hali hiyo ikiwepo, simpeleki mtu barabarani, hata kama mkono na mguu vimerudi kikamilifu.

Kwa umakini na wepesi wa fikra natumia majaribio ya karatasi na ya kompyuta. Mojawapo linajulikana sana: sehemu ya kwanza unaunganisha namba kuanzia 1 hadi 25 kwa mstari, sehemu ya pili unaruka kati ya namba na herufi, 1, A, 2, B, na kuendelea. Ile sehemu ya pili ndiyo inayozungumza, kwa sababu inamlazimu mtu ashike mambo mawili kichwani na kuhama kutoka moja hadi jingine, kama barabara inavyotaka. Wataalamu wengi huona kuzidi dakika 3 kuwa ishara ya tahadhari, na mimi huichukua kama ishara tu. Mtu ambaye hakuzoea kusoma na kuandika atachelewa kwenye herufi bila ubongo wake kuwa na kasoro yoyote ya udereva. Nimewaona waliofanya vibaya mezani wakaendesha kwa utulivu mkubwa, na waliong'ara mezani wakachanganyikiwa kwenye kipilefti. Kwa hiyo sikubali, na sitakubali, mtu anyimwe leseni kwa karatasi peke yake pale ambapo ni salama kumpeleka barabarani.

Barabarani tunatumia gari lenye pedali za breki pande zote mbili. Mwalimu wa udereva anakaa mbele pembeni ya dereva na ndiye anayeshika usalama wetu sote. Mimi nakaa kiti cha nyuma na kuandika. Safari huchukua dakika 45 hadi saa nzima, na urefu huo ni wa makusudi. Baada ya jeraha la ubongo uchovu wa akili huingia taratibu, na dereva aliyekuwa hodari dakika ya 10 anaweza kuanza kupitwa na alama dakika ya 40. Tunaanza mitaa iliyotulia ili alizoee gari. Baadaye tunaingia kwenye makutano yasiyo na taa, barabara za njia nyingi, na zile kona zinazomlazimu kukata mbele ya magari yanayokuja. Kona hizo zinanifundisha mengi: lazima akadirie umbali na mwendo wa gari linalokuja, amwangalie anayevuka kwa miguu, na achague upenyo, yote kwa pamoja. Wakati fulani tunaacha kumwelekeza na kumwambia tu afuate vibao mpaka mahali fulani. Hapo kumbukumbu na upangaji wake huonekana.

Dereva wa siku nyingi ana tabia zake. Anashika usukani kwa mkono mmoja, anakaribia mno gari la mbele, anasahau indiketa. Nayaandika hayo, lakini kazi yangu ni kutenganisha tabia ya zamani na kosa lililoletwa na jeraha. Kosa la jeraha hujirudia kwa namna moja: upande uleule, aina ileile ya makutano, au kila anapozungumzishwa. Halafu naangalia kinachofuata baada ya mwalimu kumsahihisha. Akirekebisha na asirudie, ana nafasi ya kujifunza. Mwalimu akilazimika kukanyaga breki yake mara kwa mara, hali ni nzito. Tukishaegesha namwuliza, kabla sijasema lolote: umejionaje? Aliyekosea mara nne akazitaja tatu ananipa matumaini kuliko aliyekosea mara mbili na kusema safari ilikuwa safi.

Suala hili la mazoea ya zamani na uwezo wa kujifunza upya hujitokeza tena kwenye vifaa vya kumsaidia dereva. Kwa asiyeweza kutumia miguu kuna wenzo wa mkono, ambao aina moja yake ukiisukuma inafunga breki na ukiivuta inaongeza mafuta. Kwa mwenye mkono mmoja kuna kishikio cha kuzungushia usukani. Aliyekatwa mguu wa kulia anaweza kufungiwa pedali ya mafuta upande wa kushoto, na ile ya asili ikafunikwa au kukunjwa isikanyagwe. Gari la otomatiki pekee huwatatulia wengi shida ya mguu wa kushoto. Lakini kila kifaa kinataka mafunzo mapya, na pedali ya kushoto inataka zaidi, kwa sababu siku ya kushtuka mwili hurudia njia ya zamani. Kwa mtu ambaye kumbukumbu au umakini wake umeathirika pamoja na mguu, huwa nasita sana kuipendekeza.

Majibu huwa ya aina nyingi. Kuna anayeruhusiwa moja kwa moja, anayeruhusiwa kwa masharti kama gari la otomatiki au kifaa fulani, anayetakiwa kupata masomo kisha apimwe tena, na anayeambiwa si sasa. Uamuzi wa leseni ni wa mamlaka ya nchi husika. Mimi na daktari tunatoa taarifa. Sheria pia zina muda wake wa kusubiri. Uingereza, kwa mfano, haimruhusu mtu kuendesha gari dogo kwa mwezi 1 baada ya kiharusi, hata ajisikie mzima. Kuendesha kinyume cha hapo kunaweza kumfanya mtu wa bima agome kulipa, na anayeumia anaweza kuwa mtoto wa mwenzako.

Kumwambia mtu "si sasa" kunaniuma kila mara. Wengine hukasirika, wengine hulia, na wana haki. Simwachi aondoke kabla hatujakubaliana tarehe ya kupimwa tena, maana ubongo uliojeruhiwa unaendelea kupona kwa miezi, na kabla hatujapanga nani atampeleka kazini na hospitali kwa sasa.

Kwenu ndugu na wenzi: mimi namwona kwa saa chache, ninyi mnakaa naye kila siku. Kama amewahi kupotea kwenye njia anayoijua, kama anajigonga bega la upande mmoja mlangoni, kama anasinzia mchana au amekuwa mwepesi wa hasira kuliko zamani, niambieni kabla hajaketi kwenye usukani. Siku ya kupimwa mletee miwani yake na orodha kamili ya dawa, na mhakikishe usiku uliotangulia amelala vya kutosha.