Je, wajua kwa nini kutoka Tokyo hadi Delhi huchukua muda mrefu kuliko kutoka Delhi hadi Tokyo?

Kati ya Delhi na Tokyo kuna karibu kilomita 5,900, ukipima njia fupi kabisa juu ya uso wa dunia. Kwenda Tokyo ni safari ya saa 7 na nusu hivi. Kurudi, ndege ya aina ileile hutumia saa 9, pengine zaidi. Wengi hudhani ni kwa sababu dunia inazunguka chini ya ndege. Sivyo. Hewa huzunguka pamoja na dunia, na ndege imo ndani ya hewa hiyo. Kinacholeta tofauti ni upepo.

Kwenye kimo cha kilomita 9 hadi 12, ambako ndege kubwa za abiria hupita, kuna mkondo mkali unaovuma kutoka magharibi kwenda mashariki. Mjapani Wasaburo Oishi, mtaalamu wa hali ya hewa, aliupima kwa kurusha baluni huko Tateno miaka ya 1920. Majira ya baridi, kasi yake juu ya Japani huweza kupita kilomita 300 kwa saa. Nguvu yake hutokana na tofauti ya joto kati ya kaskazini na kusini. Majira ya joto tofauti hiyo hupungua, mkondo husogea kaskazini na kulegea, nazo safari mbili hukaribiana muda.

Tufanye hesabu. Ndege hupita katika hewa kwa kilomita 900 kwa saa, na njia yenyewe tuseme ni kilomita 6,300. Upepo wa wastani wa kilomita 100 ukiisukuma, itamaliza kwa saa 6 na dakika 18. Ukiikabili, saa 7 na dakika 52. Bila upepo ingekuwa saa 7 kamili kila upande, kwa hiyo unachookoa ukienda hakifidii unachopoteza ukirudi: upepo wa mbele hukukalia kwa muda mrefu zaidi. Ongeza kama saa moja ya kutembea uwanjani, kupanda, kupunguza kasi na kutua.

Mbona kilomita 6,300 badala ya 5,900? Njia fupi hupita juu ya uwanda wa Tibet, ambao sehemu kubwa iko zaidi ya mita 4,500 juu ya usawa wa bahari. Hewa ikivuja ndani ya ndege, rubani hutakiwa kushuka haraka hadi kama mita 3,000, na barakoa za abiria kwa kawaida hutoa oksijeni kwa robo saa hivi tu. Pale hakuna pa kushukia. Hivyo ndege huzunguka kusini, kupitia Bangladesh, Myanmar na Yunnan, jimbo la kusini-magharibi mwa China.

Saa za tiketini nazo huficha haya yote, kwa kuwa kila moja ni ya mji husika, na Tokyo iko mbele ya Delhi kwa saa 3 na nusu. Ukiondoka Delhi 21:00, yaani saa 3 usiku, unafika Tokyo 08:00: inaonekana saa 11. Ukiondoka Tokyo 11:00 unafika Delhi 16:30: inaonekana saa 5 na nusu. Safari ndefu huonekana fupi. Ili kupata muda halisi, toa saa 3 na nusu ukienda, jumlisha saa 3 na nusu ukirudi.