Ile mistari kando ya maegesho si nafasi ya bure

Dhana: Maegesho ya watu wenye ulemavu huwekwa karibu na mlango ili wasitembee mbali, basi.

Ukweli: Ukaribu ni nusu ya habari, nusu nyingine ni upana. Anayetumia kiti cha magurudumu huufungua mlango wa gari hadi mwisho, hukisogeza kiti chake ubavuni, hufunga breki, kisha hujihamisha kwa nguvu za mikono. Hayo hayawezekani pale gari la jirani lilipokuachia upenyo wa kupitisha begi tu. Ndiyo maana viwango vya Marekani vinataka ukanda wenye mistari kando ya nafasi uwe na upana usiopungua sentimita 152, na pawe karibu tambarare, maana kwenye mteremko kiti huteleza mtu akiwa nusu ndani, nusu nje.

Ukanda huo ndio wenye pikipiki na matoroli huuona "hauna mtu". Mwenyewe akirudi akakuta umezibwa, gari lake analitazama tu. Atangoja, jua liwake au mvua inyeshe, mpaka mtu asiyemjua amalize shughuli zake.

Dhana: "Nipo dakika mbili tu."

Ukweli: Dakika mbili za dukani tunazijua. Na hata zikiwa mbili kweli, anayefika wakati huo hana pengine pa kwenda. Wewe unapo.

Dhana: Ameshuka akitembea mwenyewe, kwa hiyo anadanganya.

Ukweli: Nembo ya kiti cha magurudumu, iliyobuniwa mwaka 1968 na Susanne Koefoed, mwanafunzi wa usanifu kutoka Denmark, imetuzoesha kuutafuta ulemavu kwa macho. Lakini moyo dhaifu hauonekani, wala mapafu yaliyochoka, wala mguu wa bandia ndani ya suruali. Hatua 20 anazimudu. Zikifika 100, anatafuta ukuta wa kuegemea. Uingereza ilipanua vigezo vya kibali cha kuegesha kwenye nafasi hizi mwaka 2019 ili ulemavu usioonekana nao uhesabiwe.

Dhana: Zinakaa tupu kila siku.

Ukweli: Hata mtungi wa kuzimia moto hukaa mwaka mzima ukutani.

Dhana: Gari lina kibali, yeyote aliendeshaye aegeshe hapo.

Ukweli: Huko Uingereza kibali ni cha mtu, si cha gari. Ukienda kumchukua mama hospitalini, kitumie. Mama akiwa amebaki nyumbani nawe umetumwa mkate, tafuta nafasi kama wengine.