Dayodi ya kwenye mlinganyo si ile ya kwenye kiboksi

Modeli ya dayodi moja (dayodi ni kitu kinachopitisha mkondo upande mmoja tu) ni mlinganyo unaokuambia seli ya sola itatoa mkondo kiasi gani kwenye volti fulani, ukishajua mwanga na joto. Una vigezo vitano: mkondo unaozalishwa na mwanga, viwili vya dayodi, na ukinzani wa aina mbili, wa mfululizo na wa sambamba. Basi, maana yake ni hiyo.

Shida huanza mtu anapofungua kile kiboksi cha nyaya nyuma ya paneli, akakuta dayodi mbili, akatangaza kwamba modeli imekosea hesabu. Nimeshaisikia hii kwa mafundi, na hata kwa watu wenye vyeti vya umeme.

Dayodi za kiboksini ni vifaa: zinashikika, zinaungua, zinanunuliwa dukani. Kivuli kikifunika sehemu ya paneli, zinaupitisha mkondo pembeni ili seli zilizofunikwa zisichemke. Paneli ya seli 36 mara nyingi huwa nazo mbili, kila moja ikilinda seli 18. Paneli nzima ikipata jua sawasawa, hazina kazi; zing'oe, umeme utabaki uleule.

Ya kwenye modeli huing'oi, maana ndiyo seli yenyewe. Tabaka mbili za silikoni, ya aina p (yenye upungufu wa elektroni) na ya aina n (yenye elektroni za ziada), zikikutana tayari ni dayodi. Mwanafizikia William Shockley alichapisha mlinganyo wa dayodi ya namna hiyo mwaka 1949, kabla maabara ya Bell haijaonyesha seli yake ya silikoni mwaka 1954. Mwanga unazalisha mkondo, dayodi hiyo inameza sehemu yake. Volti zikiongezeka kidogo tu, inameza mara nyingi zaidi, mpaka kwenye volti 0.6 hivi kwa seli hakibaki kitu cha kutoka nje. Ndiyo sababu paneli ya seli 36 isiyounganishwa na chochote husoma volti 21 au 22, ingawa dukani wanaiita ya volti 12. Seli ikipata joto, dayodi huanza kumeza mapema, na volti hushuka hata jua likiwa kali.

Ipo pia modeli ya dayodi mbili. Ya pili inahesabu chaji zinazopotea palepale tabaka zinapokutana. Kwa hiyo ukikutana na jina hilo, bisibisi iache mfukoni, kiboksi hakihusiki.