Si kila hukumu hufika Mahakama ya Juu

Kesi yako ya shamba nchini Kenya ilianzia Mahakama ya Mazingira na Ardhi, ikapanda Mahakama ya Rufaa, ukashindwa kotekote. Jirani anakwambia bado ipo Mahakama ya Juu. Kweli ipo, lakini majaji wake saba hawakuwekwa kusahihisha kila kosa la mahakama za chini. Kabla ya kusikiliza rufaa yako watataka kujua umeingilia mlango gani.

Milango ni miwili, yote katika Kifungu cha 163(4) cha Katiba ya Kenya ya 2010. Wa kwanza hauhitaji kibali: ni wa kesi zinazohusu kufasiri au kutekeleza Katiba. Hapa wengi huponzwa. Mtu ameshindwa kesi ya mkataba, rufaa yake anaipamba kwa haki ya kusikizwa, akidhani jina la Katiba litamfungulia. Mahakama ya Juu ililikataa jambo hilo mapema, 2012. Suala la Katiba liwe ndilo lililobishaniwa na kuamuliwa na Mahakama ya Rufaa.

Mlango wa pili ni wa jambo lenye umuhimu kwa umma kwa jumla, na kibali chake huombwa kwanza Mahakama ya Rufaa. Asiyeridhika na jibu lake, awe aliyenyimwa au mpinzani wa aliyepewa, ana siku 14 kuiomba Mahakama ya Juu ilipitie upya.

Vigezo vya mlango huu wa pili viliwekwa na Mahakama ya Juu Mei 2013, na vingali ndivyo vinavyotumika. Suala lazima lipite mipaka ya ugomvi wa wahusika na kugusa maslahi ya umma. Likiwa la kisheria, liwe zito, na liwe liliibuka na kuamuliwa huko chini. Hukumu zinazokinzana zikiwa zimeiacha sheria bila msimamo, hoja yako hupata nguvu. Kulalamika tu kwamba haki haikutendeka hakutoshi. Ni neno chungu kwa aliyepoteza ardhi, lakini mwombaji aambiwe mapema, kabla hajauza ng'ombe kulipa wakili.

Tazama maswali mawili. “Je, majaji walikosea kumwamini mpimaji wa ardhi?” Hilo ni la ushahidi wa kesi moja, litakataliwa. “Je, miaka 12 ya kukalia ardhi ya mwingine ili kuidai kuwa yako huanza kuhesabiwa lini, ikiwa mtu aliingia kwa ruhusa ya mwenyewe?” Hili linaweza kumgusa yeyote aliye katika hali hiyo. Hata hivyo, wakili aonyeshe kwamba hukumu zilizopo zinatofautiana, ataje aya zinapopingana, na aliandike swali waziwazi. Majaji hawatalitafuta kwenye kurasa mia tatu za rekodi.

Halafu kuna makataa ya siku, ambayo huweza kuua hata rufaa yenye hoja nzuri. Notisi ya rufaa, yaani taarifa kwamba unakusudia kukata rufaa, huwasilishwa ndani ya siku 14 baada ya hukumu, na mpinzani hupewa nakala ndani ya siku saba. Usingoje kibali ndipo uwasilishe notisi; kanuni za Mahakama ya Juu za 2020 hazikulazimishi kungoja. Rufaa yenyewe huwasilishwa ndani ya siku 30: tangu notisi, ikiwa kibali hakihitajiki, au tangu kibali kutolewa, ikiwa kinahitajika. Ukichelewa, waweza kuomba muda uongezwe, ila ueleze kipindi chote cha kuchelewa. Ukisema nakala ya hukumu ilikawia, ambatisha barua uliyoiandikia masjala kuiomba, yenye mhuri na tarehe ya kupokewa.