Kabla hujaenda kupima macho, uliza watakupima nini

Swali linalonifikia sana, kwa simu na hata msibani, ni "nikapime macho wapi?" Anayeuliza huwa anataka nimtajie jina la mahali, nami humrudishia swali: unasumbuliwa na nini? Mtu wa miaka 45 anayenyoosha mkono ili asome meseji, na mgonjwa wa kisukari aliyeanza kuona ukungu kwenye jicho moja, siwezi kuwaelekeza mlango mmoja.

Huyo wa kwanza duka zuri la miwani linamtosha kwa kuanzia. Yapo mengi mjini, na mengine yameandika "kupima macho bure" kwa herufi kubwa. Sina ugomvi na bure, ingawa gharama yake huwa imejificha kwenye fremu. Mimi ningetazama nani anapima. Tanzania tuna Baraza la Optometria linalosajili wapimaji, kwa hiyo muulize kama amesajiliwa. Aliyesajiliwa hachukii swali hilo.

Kisha angalia anavyopima. Ile mashine watu wanayoiita kompyuta, unayoweka kidevu na kutazama kijumba au puto mwisho wa barabara, inatoa makadirio tu. Baada yake inapaswa kuja fremu nzito ya majaribio, lenzi zinabadilishwa moja moja huku unaulizwa ipi inaonyesha vizuri zaidi, kila jicho peke yake, halafu yote mawili. Ukiona namba za mashine zimenakiliwa moja kwa moja kwenye oda ya miwani, chukua mkoba wako. Kwa watoto hilo ni baya zaidi: jicho la mtoto lina nguvu ya kujikaza, mashine ikasoma upungufu mkubwa kuliko uliopo, na mtoto akavishwa lenzi kali asizozihitaji. Ndiyo maana tunawatia kwanza matone ya kulegeza misuli ya ndani ya jicho.

Hata hivyo, miwani ikipatikana sawasawa bado hujajua kama jicho ni zima. Hapa ndipo wengi wanapopotea, na wengine ni wasomi wakubwa. Glaukoma, ugonjwa ambao wengi huuita presha ya macho, kwa kawaida haiumi. Inaanza kula uoni wa pembeni, wa katikati inauacha hadi mwisho, hivyo mtu anasoma mstari wa chini kabisa wa chati, anaambiwa ana 6/6, yaani anaona mbali kawaida, anarudi nyumbani na furaha ilhali mshipa wa fahamu wa jicho unakufa. Kilichopotea hakirudi kwa dawa wala upasuaji. Tunachoweza ni kulinda kilichobaki. Sisi Waafrika tuko kwenye hatari kubwa zaidi, na kama mzazi au ndugu yako wa tumbo moja anayo, hatari yako inapanda tena.

Kwa hiyo piga simu kabla ya kwenda, uulize: mnapima presha ya macho? Mnaangalia mshipa wa fahamu nyuma ya jicho? Yote mawili, kwa sababu presha ya kawaida ndani ya jicho ni kati ya 10 na 21 (milimita za zebaki), lakini wapo wenye 16 na mshipa umeshaharibika. Wakijibu "sisi tunapima miwani tu", hilo ni jibu la uungwana; nenda kwingine kwa kazi hiyo. Mwenye kisukari aongeze swali la kutanuliwa mboni ili retina, utando wa nyuma ya jicho unaopokea mwanga, ionekane vizuri, na afanyiwe hivyo kila mwaka hata kama anaona vizuri.

Kuna ambao wasipitie dukani kabisa. Mtoto mwenye makengeza, au mboni inayoonekana nyeupe kwenye picha ya flashi, apelekwe hospitali yenye daktari bingwa wa macho, mfano CCBRT Dar es Salaam, KCMC Moshi au Bugando Mwanza. Weupe huo unaweza kuwa mtoto wa jicho, unaweza kuwa saratani. Anayeona vimulimuli na kama pazia linashuka naye aende siku hiyohiyo. Aliyeingiwa na kemikali aoshe kwanza kwa maji mengi safi, dakika 15 au zaidi, ndipo atafute usafiri.

Na tafadhali, duka la dawa si mahali pa kupimia macho. Baadhi ya matone ya kuondoa wekundu yana steroidi, dawa kali ya kutuliza uvimbe. Ukiyatumia miezi bila kusimamiwa yanaweza kupandisha presha na kuleta mtoto wa jicho.

Ukipata miadi, beba miwani ya zamani na dawa unazotumia, na uliza mapema kama kadi yako ya bima inapokelewa na kama inalipia miwani. Ukitanuliwa mboni utaona ukungu kwa saa kadhaa na jua litakuumiza, basi usiendeshe hata pikipiki. Nenda na mtu. Ukimaliza, omba karatasi yenye namba zako. Hulazimiki kununua fremu palepale.